Mafunzo ya kitovu cha mtoto mchanga yasiishie kwenye mkasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo mara nyingi hubaki ndani ya vyuo vya ukunga na wodi za wazazi, nalo ni namna tunavyowafundisha wahudumu wa afya kutunza kitovu cha mtoto mchanga. Mimi ni mkunga, na kwa sasa sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwafundisha wakunga na wauguzi wanaochipukia kwa kutumia wanasesere na modeli za mazoezi. Ninaziamini modeli hizo kwa moyo wote. Ndiyo maana nasikitika kuona kwamba nyingi kati ya hizo, pamoja na masomo yanayozitumia, humfikisha mwanafunzi pale kitovu kinapokatwa na kumwacha papo hapo, ilhali hatari ya maambukizi huendelea kwa siku saba, kumi, hata kumi na nne baadaye, mtoto akiwa tayari nyumbani mikononi mwa mama ambaye hakuna aliyemwonyesha kitovu kizuri kinafananaje na kibaya kinafananaje.

Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 watoto wapatao milioni 2.3 duniani walifariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja, na hao walikuwa karibu nusu ya watoto wote wa chini ya miaka mitano waliofariki mwaka huo. Maambukizi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo hivyo, pamoja na kuzaliwa kabla ya wakati na matatizo yanayompata mtoto wakati wa kuzaliwa. Si kila ambukizo hupitia kitovuni, lakini kitovu ni mlango ulio wazi kuliko wengi wanavyodhani. Ndani yake mna ateri mbili na vena moja, na mishipa hiyo haizibi kabisa mara tu inapokatwa, hivyo vimelea vikitua kwenye kikonyo kibichi, yaani kipande cha kitovu kinachobaki tumboni mwa mtoto baada ya kukatwa, hupata njia ya kuelekea kwenye ini na kwenye damu ya mtoto. Mfano ulio wazi zaidi ni pepopunda ya watoto wachanga, ambayo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa iliua watoto 787,000 katika mwaka 1988 pekee. Mtoto huzaliwa salama, hunyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha kuanzia siku ya tatu au baadaye kidogo taya hukaza, hashiki tena titi, na mwili hukakamaa kila anapoguswa. Vifo hivyo vimepungua sana tangu wakati huo kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja: chanjo kwa wajawazito, na uzazi safi, yaani mikono safi, mahali safi pa kuzalia, kifaa safi cha kukatia, uzi safi wa kufungia, na kitovu kilichoachwa bila kupakwa uchafu. Kwa hiyo tunapojadili jinsi ya kufundisha utunzaji wa kitovu, tunajadili mojawapo ya hatua ambazo tayari zimethibitika kuokoa maisha.

Kufundisha ukunga kwa mwanasesere ni jambo la zamani. Mwaka 1759 mfalme Louis XV wa Ufaransa alimpa mkunga Angélique du Coudray idhini ya kuzunguka nchini humo na kufundisha uzalishaji, naye alizunguka akiwa na modeli aliyoibuni mwenyewe, iliyoshonwa kwa kitambaa na ngozi, ikiwa na nyonga ya mama, mtoto, kondo la nyuma na kitovu chake. Modeli yake moja ingali imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Rouen. Aliwafundisha wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma, na alitambua kwamba mkono hujifunza kwa kushika na kurudia, na kwamba mwanafunzi akikosea mbele ya mwanasesere hakuna anayeumia. Katika karne iliyopita, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto wa nchini Norway, Åsmund Laerdal, alitoa mwaka 1960 mwanasesere wa kufundishia kuokoa maisha ya mtu aliyeacha kupumua, na kampuni aliyoianzisha ndiyo iliyoleta mwaka 2010 mwanasesere wa mtoto mchanga aitwaye NeoNatalie, ambaye leo anatumika katika nchi nyingi zenye kipato kidogo. Huyu hujazwa maji ili awe na uzito unaokaribia wa mtoto halisi, ana kitovu kinachoweza kufungwa na kukatwa, na mkufunzi akiminya kipira kidogo kitovu hicho hudunda kama kilivyo cha mtoto hai.

Mdundo huo una manufaa makubwa, na naomba niueleze kwa undani kwa sababu ndipo nguvu ya mafunzo haya inapoonekana. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kupita tangu mtoto azaliwe, ikiwa mtoto anapumua vizuri, na muda unaofaa ni kati ya dakika moja na tatu. Katika muda huo mtoto hupokea kutoka kwenye kondo la nyuma damu inayoweza kufikia takriban mililita 80 hadi 100, nayo humwongezea akiba ya madini ya chuma inayomkinga na upungufu wa damu kwa miezi kadhaa ya mwanzo. Kila mwanafunzi huweza kuyaandika haya kwenye karatasi ya mtihani. Ukimweka mbele ya mwanasesere, hata hivyo, mambo huwa mengine. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alimpokea mtoto vizuri, akamkausha, akamlaza kifuani pa mama, kisha mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kwenye kibanio, ilhali mimi nilikuwa bado naminya kipira na kitovu kilikuwa kinadunda katikati ya vidole vyake vya kushoto. Sikumwambia neno. Alikifungua kibanio, akakisogeza karibu na kitovu, akausikia mdundo, akasita, akakirudisha kwenye sinia. Kuanzia hapo alishika kitovu kwa vidole viwili na kusubiri, macho yakiwa kwenye saa ya ukutani, na katika zoezi lililofuata hakugusa kibanio kabla ya mdundo kukoma. Hotuba ya saa nzima isingemfundisha mkono wake kusubiri.

Baada ya kusubiri huja kazi yenyewe ya kufunga na kukata, ambayo modeli huifundisha kwa ukamilifu mzuri. Mwanafunzi huvua glavu za juu zilizochafuka, au hubadilisha glavu, kabla ya kugusa kitovu. Hufunga mara ya kwanza kwa umbali wa vidole viwili kutoka tumboni mwa mtoto, na mara ya pili kwa umbali wa vidole vitano, kisha hukata katikati ya mafundo hayo mawili kwa mkasi au wembe usio na vimelea. Hatimaye hutazama sehemu iliyokatwa kama inavuja damu. Zikirudiwa mara nyingi, hatua hizi huingia mkononi zikabaki hapo, na hilo ni jambo la kushukuru.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo kitovu cha mpira hayafundishi, na mkufunzi asipoyasema mwanafunzi huondoka na imani isiyo sahihi. Kitovu cha kweli kina ute mzito uitwao ute wa Wharton, unaoizunguka mishipa ya damu na kuilinda isibanwe mtoto akiwa tumboni. Ute huo hunywea baada ya kuzaliwa. Fundo lililokazwa vizuri kwenye kitovu kinene chenye ute mwingi huweza kulegea baada ya saa chache, kwa sababu kile lilichokuwa limekibana kimesinyaa, na damu ikaanza kutoka wakati ambapo mkunga ameshahamia kwa mama mwingine. Mpira hausinyai. Mwanafunzi aliyefunga mpira kwa miezi mingi hudhani fundo likishakazwa limekazwa, na hana mazoea ya kurudi kuchungulia chini ya kanga ya mtoto baada ya muda kuona kama kuna damu. Tukumbuke kwamba mtoto mwenye uzito wa kilo tatu ana damu ya takriban robo lita tu mwilini mwake. Akipoteza mililita 30, kiasi ambacho kwenye kitambaa huonekana kuwa doa tu, amepoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya damu yake yote.

Mpira pia hauutelezi mkono. Kitovu halisi kimelowa, kinateleza, na ni kigumu kukatika kuliko kinavyoonekana, hivyo mkasi butu hukitafuna badala ya kukikata na damu iliyosalia katikati ya mafundo huweza kumrukia mkunga usoni. Wapo wakufunzi wanaotumia vitovu halisi kutoka kwenye kondo la nyuma baada ya mama kuridhia, wakiviunganisha na mwanasesere, hasa wanapofundisha kupitisha mrija kwenye mshipa wa kitovu kwa watoto wanaohitaji dawa za haraka. Njia hiyo inafaa, mradi damu hiyo ichukuliwe kuwa inaweza kuambukiza, glavu na kinga ya macho zivaliwe, na mabaki yateketezwe kama taka nyingine za hospitali. Mahali ambapo hilo haliwezekani, kitovu cha mazoezi kinaweza kutengenezwa kwa mpira mwembamba uliojazwa jeli nzito na maji ya rangi, na kupakwa kitu cha kuteleza. Hakitafanana na halisi kwa kila kitu. Kitakachotosha ni mwanafunzi kuhisi uzi ukizama kwenye kitu laini, na kuona rangi ikivuja pale fundo lake lisipokaza.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya niandike barua hii. Tukishakata kitovu cha mwanasesere, kwa kawaida zoezi huisha: kitovu kipya huvishwa na mwanafunzi mwingine huitwa. Hakuna siku ya tatu ya mwanasesere, wala ya saba. Lakini kwa mtoto halisi kikonyo kinachobaki huwa na safari yake. Siku ya kwanza ni kibichi, cheupe chenye kuelekea ubuluu, na kinang'aa. Baadaye hupoteza ung'avu, hugeuka manjano yenye ukijani, kisha kahawia, kisha cheusi na kikavu, na kwa watoto wengi hudondoka kati ya mwisho wa wiki ya kwanza na mwisho wa ya pili. Kinapokaribia kudondoka, shina lake huweza kulowa kidogo, kukawa na unyevu unaonata na harufu hafifu, na kinapotoka hubaki tone la damu au mawili kwenye nguo. Haya yote ni ya kawaida. Kisichokuwa cha kawaida ni usaha, harufu kali ya kuoza, damu inayoendelea kutoka, ngozi inayozunguka kitovu kuvimba, kuwa ngumu na yenye joto, na badiliko la rangi linaloenea kwenye tumbo; na hatari huwa kubwa zaidi iwapo mtoto mwenyewe ananyonya kwa shida, amelegea, ana homa au amekuwa baridi kuliko kawaida. Mtoto wa namna hiyo anahitaji hospitali siku hiyo hiyo, wala hapaswi kusubiri hadi kesho.

Sasa fikiria muuguzi aliyehitimu akiwa hajawahi kuona kikonyo cha siku ya sita isipokuwa kwenye picha ndogo ya kitabu. Akikutana na unyevu wa kawaida huogopa, huandika dawa za kuua vimelea zisizohitajika, na kumjaza mama hofu. Akikutana na ambukizo la kweli linaloanza, huweza kusema ni kawaida, kwa sababu vitabu vimemwambia atafute wekundu. Wekundu huo kwenye ngozi nyeusi mara nyingi hauonekani kuwa wekundu. Ngozi huwa nyeusi zaidi kuliko ya jirani au huelekea zambarau, na dalili zinazoaminika zaidi hupatikana kwa kugusa: joto, uvimbe, ugumu, na mtoto kulia unapobonyeza. Hili haliwezi kufundishwa kwa kitovu kimoja cha mpira cha rangi moja. Linahitaji vikonyo kadhaa vya kubandika, vinavyoonyesha siku tofauti na hali tofauti, juu ya ngozi za rangi tofauti, ili mwanafunzi avishike, avinuse pale harufu inapowezekana kuwekwa, na atoe uamuzi wake kwa sauti: huyu arudi nyumbani, huyu nimwangalie kesho, huyu aende hospitali sasa hivi. Kutengeneza vikonyo hivyo hakuhitaji teknolojia ya ajabu. Silikoni laini iliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi kwa mkono inatosha, na mtu mwenye kipaji cha kufinyanga anaweza kuifanya kazi hiyo akisimamiwa na daktari wa watoto anayejua kila hatua inavyofanana.

Kuhusu kile kinachopakwa kitovuni, mafunzo yetu yanapaswa kwenda sambamba na miongozo ya sasa, kwa sababu wapo wahudumu wanaoendelea kufundisha spiriti kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa wao. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 kuhusu huduma baada ya kujifungua inapendekeza kitovu kiachwe kikiwa safi na kikavu, bila kupakwa chochote. Klorheksidini, dawa ya kuua vimelea, inapendekezwa mara moja kwa siku katika wiki ya kwanza pale tu ambapo vitu hatari kama samadi vimezoeleka kupakwa kwenye kitovu. Klorheksidini yenyewe imekuwa na msiba wake. Inatolewa kama maji katika chupa ndogo au kama jeli katika tyubu, na kwa kuwa chupa hiyo inafanana na ya dawa ya macho, wapo watoto waliotiwa dawa hiyo machoni na kupata majeraha makubwa, jambo lililolifanya Shirika la Afya Duniani kutoa tahadhari. Hapa tena modeli ina kazi ambayo maneno hayaiwezi. Mwanasesere ana macho na ana kitovu. Weka kando yake chupa mbili zinazofanana, mwambie mwanafunzi asome lebo kwa sauti, kisha apake mahali panapohusika. Zoezi hilo huchukua muda mfupi mno, na sioni sababu ya kulikosa popote dawa hiyo inapogawiwa.

Mwanafunzi ninayemwonea huruma kuliko wote, hata hivyo, ni mama. Miongozo inataka mama na mtoto wabaki kituoni angalau saa 24 baada ya uzazi wa kawaida, kisha waonwe tena kati ya saa 48 na 72, na kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Kati ya ziara hizo, anayekitazama kitovu kila siku ni mama, pamoja na bibi wa mtoto au baba yake. Hao ndio wauguzi halisi wa kitovu, na hao ndio tunaowapa maelekezo ya kusimama mlangoni, mama akiwa amechoka, ameshika mtoto kwa mkono mmoja na mfuko wa nguo kwa mwingine. Tunamwambia asipake kitu, afunge nepi chini ya kitovu, anawe mikono, na arudi akiona dalili mbaya. Anaitikia kwa heshima. Niliwahi kumpa mama mmoja mwanasesere mwenye kikonyo kilichobandikwa, mara tu baada ya muuguzi kumaliza kumweleza hayo, nikamwomba anionyeshe namna atakavyomvisha mtoto wake nepi. Aliikunja vizuri, akaivuta juu mpaka ikafunika kikonyo chote, akaifunga kwa uangalifu mkubwa, kisha akaniambia kwamba amekifunika ili kisipate baridi. Alikuwa ameyasikia maelekezo yote, na upendo wake ulikuwa umeyatafsiri kwa namna yake. Tulikunja nepi pamoja, ukingo wa mbele ukashuka chini ya kikonyo, akarudia mwenyewe, na mama yake mzazi aliyekuwa ameketi pembeni akaomba naye ajaribu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wodi za wazazi ni kwamba mwanasesere mmoja, hata wa kushonwa kwa kitambaa, awepo pale mama wanapoagwa, na kuruhusiwa kuondoka kuambatane na mama kuonyesha kwa mikono yake mambo matatu: kunawa mikono kabla ya kugusa kitovu, kukunja nepi chini yake, na kukisafisha kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa kisha kukikausha endapo kimechafuka kwa mkojo au kinyesi. Baada ya hapo aonyeshwe vikonyo viwili, kizuri na kibaya, na aulizwe ni kipi kitakachomfanya arudi hospitali. Najua wauguzi wana kazi nyingi na wagonjwa ni wengi kuliko wao. Lakini maelekezo tunayatoa hata sasa, na muda unaotumika kuyasema unatosha kwa sehemu kubwa kuyaonyesha. Akina mama wanne au watano wanaweza kukusanywa mezani pamoja, na wao kwa wao huulizana maswali ambayo hawangethubutu kutuuliza.

Lipo pia suala la marudio. Katika hospitali ya Haydom, Tanzania, watafiti walifuatilia matokeo ya mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua baada ya kuzaliwa, yaliyotolewa kwa kutumia mwanasesere. Ripoti yao ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba wahudumu walifanya vizuri zaidi mbele ya mwanasesere, lakini matendo yao katika chumba cha kujifungulia hayakubadilika. Hospitali hiyo haikukata tamaa. Ilianzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale kazini, ya dakika chache kila wiki, pamoja na zoezi refu zaidi kila mwezi, na ripoti ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Utafiti huo ulihusu kupumua, haukuhusu kitovu, na sidai zaidi ya ulichokionyesha. Lakini mkono unaosahau kubana barakoa ya hewa ndio huo huo unaosahau kubadilisha glavu kabla ya kukata kitovu, nami sioni kwa nini dawa ya usahaulifu huo iwe tofauti.

Hapa ndipo ninapolazimika kusema jambo lisilopendeza. Katika vituo vingi ambavyo nimepata kuvitembelea, mwanasesere yupo, lakini yumo ndani ya kabati lililofungwa, bado amefungwa kwenye mfuko wake wa plastiki, na ufunguo uko kwa mtu ambaye yuko kwenye mkutano. Huorodheshwa kila mwaka kwenye hesabu ya mali na hukutwa yupo salama. Mali ya namna hii isiyochakaa ni hasara. Mwanasesere wa mafunzo anapaswa kuwa mezani karibu na chumba cha kujifungulia, wazi usiku na mchana, akiwa na vitovu vya akiba, nyuzi, na mkasi wake, ili mkunga anayesubiri mama afungue njia aweze kufunga na kukata mara mbili kabla ya kuitwa. Vitovu vya mpira huisha kwa kukatwa, na bajeti inayonunua mwanasesere bila kununua vitovu vya kubadilisha imenunua zoezi la miezi michache tu.

Zoezi lolote lifuatwe na mazungumzo mafupi, ambayo mwanafunzi ndiye anayeanza kueleza alichokifanya na sababu yake. Mkufunzi anayekaripia mbele ya wenzake humfundisha mwanafunzi kuficha makosa, na mkunga anayeficha fundo lililolegea ni hatari kuliko yule asiyejua kufunga.

Nafahamu kwamba baadhi ya wasomaji watasema tunahitaji glavu, maji na wauguzi kabla ya wanasesere. Nakubaliana nao kwamba hakuna modeli inayoweza kuziba pengo la maji ya kunawia, na wodi isiyo na nyembe safi haiwezi kuokolewa na mafunzo. Sikubaliani nao wanapodhani kwamba ni lazima kuchagua kimoja. Glavu zilizopo zinavaliwa vibaya na mtu asiyefanya mazoezi, na maji yaliyopo hayatumiki na mtu ambaye mikono yake haijazoea kuyaelekea kabla ya kugusa kitovu. Wala modeli ya gharama kubwa yenye umeme na kompyuta si lazima ifundishe vizuri zaidi ya ile ya kushonwa. Kwa kazi ya kitovu, kitambaa, pamba, uzi na mkufunzi makini hufika mbali sana, na fedha inayosalia inunue vikonyo vya hatua mbalimbali nilivyovieleza. Tena modeli haichukui nafasi ya mtoto halisi. Mwanafunzi bado anahitaji kusimama kando ya mkunga mzoefu katika ziara ya siku ya saba, ashuhudie kikonyo kilichokauka kinavyoning'inia, na akiguse kwa ruhusa ya mama.

Ninachowaomba wanaotunga mitaala ya ukunga na uuguzi ni kitu mahususi. Katika mtihani wa vitendo wa mwisho, pamoja na kituo cha kukata kitovu kilichopo sasa, kuwe na meza nyingine yenye vikonyo vitano vilivyobandikwa juu ya matumbo ya wanasesere: kibichi cha siku ya kwanza, kinachovuja damu kwa sababu fundo limelegea, kikavu cha siku ya sita, kilicholowa kinapokaribia kudondoka, na chenye maambukizi juu ya ngozi nyeusi. Mtahiniwa aseme anachokiona, afanye anachopaswa kufanya, kisha amweleze mama anayeigizwa na mtu halisi kwa maneno ambayo mama huyo ataweza kuyarudia. Asiyeweza kutofautisha cha nne na cha tano arudi mazoezini kabla ya kukabidhiwa wodi. Na wanaotengeneza modeli hizi, nawaomba wauze vikonyo hivyo kama seti inayoweza kubandikwa kwenye mwanasesere yeyote, ili chuo kisilazimike kununua mwanasesere mpya kwa ajili ya kupata kitovu cha siku ya sita.

Wako katika kazi,

Mkunga na mkufunzi wa wakunga